Vifungo kwenye Chupa za Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametugawia madaftari leo, kila mtu na lake, kama watoto wa darasa la kwanza. Agizo lake ni kwamba kila siku tuandike kitu kimoja tulichokiona mtaani ambacho mtu amekibuni kwa akili: tangazo, kibao, mpini wa mlango, chochote. Anasema tumekaa mno mbele ya kompyuta tukiigana sisi kwa sisi, mpaka matangazo yetu yamefanana kama mayai. Huyu ndiye bosi tunayemwita Nafasi, kwa sababu ukimpelekea kazi, hata kabla hajaisoma husema, "Punguza maneno, acha nafasi."

Nimelipokea daftari shingo upande. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nachora matangazo. Nilidhani macho yangu yanajua kuona bila kusimamiwa.

Mvua imeanza. Viatu vimeloa.

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa miavuli anayekaa kwenye kona ya posta hana kibao. Ametundika mwavuli mmoja uliovuliwa kitambaa, vyuma vitupu kama mbavu za mgonjwa. Hakuna neno hata moja, na hakuna apitaye bila kuelewa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Sikuona kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Katika shule iliyo nyuma ya ofisi yetu, mwalimu mmoja amechora nyayo za njano sakafuni, kutoka mlango wa choo hadi kwenye bomba. Watoto wanazikanyaga moja moja kwa kuruka, na wakifika mwisho wanakuta sabuni, wananawa. Hakuna aliyewaambia wanawe. Nilisimama nikitazama mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nina mtoto pale. Nikamwambia sina.

Jumatatu, 10 Machi

Nafasi amepitia madaftari. Langu amelifungua, akalifunga. La binti aliyeajiriwa mwaka jana amelisoma kwa sauti mbele yetu sote, kurasa mbili nzima. Nikacheka pamoja na wenzangu, lakini kicheko kilikuwa cha meno tu.

Kisha akaturudishia madaftari, akasema hatayakagua tena, akatupa kazi mpya. Kiwanda cha dawa kinataka chupa na matangazo mapya kwa dawa tatu wanazotumia wazee, kwa sababu wazee wengi wanazichanganya. Kila mmoja wetu alete wazo baada ya wiki moja.

Jumatano, 12 Machi

Nimechora jua, jogoo, mwezi, kitanda. Nimefuta vyote. Mzee asiyeona vizuri atauona vipi mwezi mdogo kama ukucha?

Jumamosi, 15 Machi

Leo lazima niandike kwa urefu.

Tunaishi watu wanne katika nyumba hii: mimi, mume wangu ambaye kazi yake ya kupima ardhi humweka safarini nusu ya mwezi, baba yake, na dada yake mkubwa. Baba mkwe alikuwa seremala mpaka macho yalipomwishia. Sasa huona mwanga na kivuli, basi. Wifi yangu alihamia hapa miaka minne iliyopita baada ya kufiwa na mumewe. Hushona mapazia na foronya kwenye chumba cha nyuma, na ndiye anayemtazama mzee. Mimi naye hatujawahi kugombana. Tunasalimiana, tunaulizana kama gesi imekwisha, tunapishana. Kwa kuwa hakusoma sana, mimi moyoni, niseme ukweli kwa kuwa hili ni daftari, nilikwisha kumweka kwenye fungu la watu wasio na jipya la kuniambia.

Asubuhi paa limevuja nikaingia chumbani kwa mzee kutafuta ndoo. Nikamkuta anakunywa dawa. Chupa zake tatu zilikuwa zimepangwa dirishani, kila moja imevalishwa kitambaa kilichoibana kama soksi, na kwenye kitambaa kimeshonwa kifungo cha shati. Ya kwanza kifungo kimoja, ya pili viwili, ya tatu vitatu. Mzee alipitisha dole gumba juu ya vifungo kama anayepima ulaini wa ubao. Akashika chupa ya kifungo kimoja, akatoa kidonge, akameza, akairudisha mahali pake.

Nikamwuliza nani aliyemtengenezea.

"Nani tena zaidi ya wifi yako?" akasema. "Kimoja asubuhi, viwili mchana, vitatu usiku. Tangu avishone sijawahi kulishwa dawa na mtu kama mtoto mchanga."

Nikachukua ndoo. Nikaitega chini ya tundu la paa. Kisha nikaenda chumbani kwangu, nikaketi kitandani na penseli, na mkono ukakimbia wenyewe. Vifuniko vyenye vidoto, nukta ndogo zilizoinuka. Bango lenye dole gumba tupu, kubwa, juu ya nafasi nyeupe. Na maneno matatu: *Kidole kinajua saa.*

Kutoka chumbani mwangu nilikuwa nausikia mlio wa cherehani ya wifi. Zilikuwa hatua kumi na mbili hivi kufika mlangoni pake. Sikwenda.

Jumatatu, 17 Machi

Nafasi aliitazama michoro kwa muda mrefu bila kusema nipunguze chochote. Halafu akauliza, "Umelitoa wapi hili?"

Ningeweza kusema. Yule binti wa mwaka jana alikuwa amesimama pembeni na michoro yake mkononi. Nikasema, "Limenijia tu, bosi. Nilikuwa nyumbani, mvua inanyesha, likanijia."

Akagonga meza mara mbili. Kwake hiyo ni sherehe.

Ijumaa, 21 Machi

Afisa wa kiwanda, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba, amelipenda wazo. Tatizo lake ni moja. Kuweka alama kwenye mwili wa chupa kunataka kalibu mpya, umbo la kumiminia chupa, na kalibu ni miezi. Kuweka kwenye kifuniko ni wiki chache. Akauliza kama kuna tofauti. Michoro yangu tayari ilikuwa na vidoto kwenye vifuniko, kwa sababu kwenye karatasi vilipendeza zaidi huko juu.

"Hakuna tofauti," nikajibu kabla hajamaliza kuuliza.

Jumanne, 25 Machi

Nafasi ameutundika mchoro wa dole gumba ukutani mwa mapokezi, na chini yake ameandika kwamba ni kazi yangu. Nimeupita mara tano leo. Mara tatu sikuwa na haja ya kupita pale.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua siku ya tatu mfululizo. Nguo hazikauki. Wifi amefunga kamba jikoni na kutundika hata soksi zangu. Nikamwambia ahsante. Akasema si neno.

Alhamisi, 10 Aprili

Kinyozi wa mtaa wa pili amebandika kioo kirefu nje ya duka lake na juu yake ameandika: "Wewe unaonaje?" Nimeona wanaume wanne wakisimama, wakijitazama, wakiingia. Zamani ningelionea wivu wazo kama hili. Leo nimeliandika kama mtu aliyekwisha kushiba.

Jumanne, 22 Aprili

Mabango yamewekwa. La kwanza liko mkabala na soko. Mume wangu amerudi safari, akaliona, akanipigia simu kutoka barabarani. Jioni alisimulia mezani mbele ya wote kwamba mkewe amewatengenezea wazee chupa za kujulikana kwa kidole. Mzee akatabasamu, akasema, "Kama zangu." Mume wangu akasema, "Hizi ni za kiwandani, Baba," kwa namna ya mtu anayesema hizi ndizo za kweli.

Wifi alikuwa anakusanya vyombo. Hakunitazama. Laiti angenitazama, huenda ningesema.

Jumatatu, 28 Aprili

Sina cha kuandika. Mvua.

Jumanne, 6 Mei

Chupa za majaribio zimetoka kwa wazee wachache, na nimepewa seti moja ya nyumbani. Dawa ni zile zile za mzee, tena kwa vipimo vile vile alivyoandikiwa na daktari. Nilifika mapema, nikavua vitambaa vya wifi kwenye chupa za zamani, nikavikunja vizuri, nikampa mkononi. Nilijiona muungwana kwa kule kuvikunja. Nikapanga chupa mpya dirishani na kumshikisha mzee vifuniko. Akasifu.

Wifi akainua chupa moja, akaizungusha. "Wifi, mbona alama iko kwenye kifuniko? Mimi nilifikiri..."

"Haya mambo yamepimwa na wataalamu, wifi," nikamkata. "Usiwe na wasiwasi."

Akairudisha chupa dirishani. Akasema, "Haya," akaenda zake kushona.

Ijumaa, 9 Mei

Baba ameanguka.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Wifi amelala kwa kuketi, kichwa ukutani, ushungi umemwangukia usoni.

Ilikuwa hivi. Jana saa nne asubuhi nilikuwa ofisini, wifi amekwenda dukani kununua uzi. Jirani alisikia kishindo uani. Akamkuta mzee chini, karibu na tangi la maji, mvua ikimnyeshea, hawezi kunyanyua mguu na maneno yake yamelegea kama ya mlevi. Mzee wangu asiyejua hata harufu ya pombe. Tulipofika wote hospitalini daktari alikuwa amekwisha kumpiga picha. Nyonga imevunjika.

Daktari, kijana asiye na maneno mengi, akauliza anatumia dawa gani. Wifi alikuwa amezibeba chupa zote tatu kwenye kanga. Daktari akazifungua, akamwaga vidonge kiganjani, akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye kila chupa, akasoma tena. Kisha akatuonyesha. Kifuniko chenye kidoto kimoja kilikuwa kwenye chupa ya dawa ya usiku, ile inayolaza. Kifuniko chenye vidoto vitatu kilikuwa kwenye chupa ya asubuhi.

Mzee mwenyewe, ulimi ukiwa mzito, alieleza. Juzi alitaka kujua vidonge vimebaki vingapi, akafungua chupa zote tatu kwa pamoja, akahesabu, akazifunika. Siku mbili mfululizo amekunywa dawa ya usingizi asubuhi, akatoka kwenda kunawa.

Kifuniko hutoka kwenye chupa. Nimechora chupa mia kwa miaka kumi na moja na sikulijua jambo hilo. Mwanamke wa chumba cha nyuma, mwenye sindano na vifungo vya mashati ya marehemu mumewe, alilijua, ndiyo maana akavishona vyake kwenye mwili wa chupa. Na alipofungua kinywa kuniambia nilimfunga.

Jumapili, 11 Mei

Jambo baya zaidi sikuliandika jana. Mkono ulikataa.

Daktari alipotuonyesha vifuniko, mume wangu, ambaye alifika akiwa na tope mpaka magotini, alimgeukia dada yake. Akamwambia kwamba kazi yake nyumbani ni moja tu, kumwangalia Baba, na hata hiyo imemshinda. Alisema mbele ya daktari, mbele ya wauguzi, mbele yangu.

Nilikuwa nimesimama katikati yao. Wifi alinitazama, safari hii alinitazama. Akasubiri kidogo. Mimi nikainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu kwenye mkoba.

Basi akamjibu ndugu yake kwa sauti ya kawaida: "Kweli. Nilipaswa kuangalia."

Jumatatu, 12 Mei

Amefanyiwa upasuaji. Nimekwenda kazini. Nimelipita bango la sokoni kwa kuvuka barabara.

Jumanne, 13 Mei

Mume wangu hazungumzi na dada yake. Wifi anapika, anafunga chakula, anakwenda hospitalini kwa miguu kwenye mvua, anarudi. Nami ninakula alichopika.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda mpaka mlangoni pake. Cherehani ilikuwa kimya. Nikarudi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimesema.

Tulikuwa watatu mezani wakati wa chakula cha mchana, sahani ziko mbele yetu. Nikaanza na Jumamosi ile ya paa kuvuja, nikasimulia mpaka siku niliyomkata wifi maneno. Sikuacha kitu. Nilisema kuwa wazo lilikuwa lake, kosa ndilo langu, na kwamba hospitalini nilinyamaza nikijua.

Mume wangu aliniuliza swali moja: "Siku zote hizi unamwona anakwenda na kurudi?" Akasukuma kiti, akaenda kusimama barazani. Baadaye nikamsikia akimwita, "Dada," akarudia, "Dada, njoo." Walizungumza kwa muda mrefu. Mvua ilikuwa kubwa, sikusikia, wala hayakuwa yangu kusikia.

Mimi na wifi tulipobaki jikoni nilimwambia anisamehe. Alikuwa anasugua sufuria.

"Nilijua tangu bango," akasema. "Nilifikiri, haya, hata asiponitaja, wazee wengine watapata nafuu. Nikafurahi kidogo, wifi, usidhani sikufurahi. Nilikwenda sokoni siku mbili nikalitazama." Akageuza sufuria. "Lakini ungeniuliza. Mimi chupa za Baba nilizishona mara nne kabla hazijakaa sawa. Mara ya kwanza nilishona kwenye vifuniko."

Hilo ndilo lililonivunja. Mara ya kwanza naye alishona kwenye vifuniko. Swali moja tu, kwa hatua kumi na mbili, na Baba angekuwa anatembea.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemweleza Nafasi kila kitu, mlango umefungwa. Alikaa akikunja karatasi mpaka ikawa ndogo kama kipimajoto. Hakunigombeza. Alisema atakipigia simu kiwanda chupa ziondolewe leo hii, na akaipiga mimi nikiwa pale pale. Kisha akasema nikaushushe mwenyewe ule mchoro wa mapokezi. Yule binti wa mwaka jana alinishikia ngazi. Hakuuliza, na wema huo nao ulinichoma.

Hadi sasa hakuna habari ya mzee mwingine aliyedhurika. Kila simu ikilia naipokea kabla haijalia mara ya pili.

Alhamisi, 22 Mei

Afisa wa kiwanda aliomba kuonana na wifi. Nilijua atakataa. Alikubali, ila aliniambia waziwazi kwamba haendi kwa ajili yangu.

Alivaa gauni lake la kijani, akabeba chupa za zamani na vitambaa vyake kwenye mfuko wa plastiki. Watu saba wenye kalamu walikaa mezani. Alieleza kwa nini kifungo kiwe na matundu manne wala si mawili, kwa sababu kidole cha mzee hufa ganzi. Kwa nini vipangwe kwenda chini na si kwa upana: mzee hushika chupa kwa kuikumbatia. Kwa nini kitambaa kibane: kikizunguka, vifungo hujificha nyuma. Afisa alimwuliza alisomea wapi. Wifi akasema, "Nina baba asiyeona," akaona ametosheleza swali.

Nilikuwa nimeketi pembeni nikiandika kumbukumbu za kikao. Miaka minne nimekula meza moja na mtu huyu.

Wameandika jina lake kwenye karatasi za kazi, jina lake lote. Aliomba aoneshwe lilipoandikwa, akaligusa.

Jumatatu, 2 Juni

Wanahama leo. Nyumba yetu ina vizingiti na ngazi ya uani, na mzee sasa anatembea kwa kigari cha kusukuma, hatua tano, anapumzika. Mdogo wao wa kike ana nyumba ya sakafu moja ng'ambo ya mji. Wifi anakwenda naye. Mume wangu ndiye aliyebeba cherehani.

Nilitaka kusema jambo la maana mlangoni. Nikaishia kusema vitunguu vimo kwenye kapu.

Jumamosi, 7 Juni

Nyumba kimya.

Jumamosi, 28 Juni

Mvua imekatika, wiki mbili sasa. Kiwanda kimetoa sampuli za kwanza za chupa mpya, vidoto vimeinuka kwenye mwili wenyewe, vimepangwa kwenda chini kama wifi alivyosema. Niliomba nizipeleke mimi.

Wifi alinikaribisha vizuri, akanipa kiti cha mto. Mzee alikuwa barazani, amepungua, mashavu yameingia ndani. Nikamwekea chupa mkononi. Dole gumba lake likashuka juu ya vidoto polepole, likapanda, likashuka tena.

"Hii kazi ya binti yangu," akasema. "Safi. Haina kasoro."

Kisha akaiweka sakafuni kando ya kiti, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Wifi alinieleza kwa sauti ya chini kwamba tangu siku ile hashiki dawa. Wamejaribu. Akipewa chupa yenye dawa huirudisha kwa aliyempa. Sasa hulishwa, asubuhi, mchana na usiku.

Saa ya dawa ya mchana ilipofika wifi alileta kijiko, kidonge kimesagwa katika uji. Akanitazama, akanipa mimi.

Nikapiga magoti mbele ya mzee. Akafungua kinywa, halafu, kabla kijiko hakijafika, akakifumba. Mkono wake ulitafuta wangu, ukaushika kiganja, ukapapasa vidole kimoja kimoja.

"Mkono huu siujui," akasema. "Ni wa nani?"

Miaka tisa nimekuwa mke wa mwanawe.

"Ni mimi, Baba. Mkamwana wako."

Kidole chake kilikuwa bado juu ya changu, kimetulia. Kisha akafungua kinywa.